Kunyata kwa Kihispania

Alilisema lile neno mara tatu, na mara zote tatu mkalimani akalitoa upande wa pili likiwa wizi.

Jumatatu ile nilikuwa nimeketi kwenye benchi la mawakili nikingoja kesi ya mteja mwingine. Kizimbani alisimama mwanamume mfupi, mnene wa mabega, amevaa fulana ya buluu yenye jina la meli kifuani. Aliitwa Wilmer. Alikuwa mpishi wa meli ya mizigo, mtu wa Honduras. Yeye na wenzake walikuwa wamewekwa katika nyumba ya wageni huko Magongo wakisubiri ndege ya kuwarudisha kwao. Alfajiri moja mlinzi alimwona akitoka katika ofisi ya mwenye nyumba, mahali ambapo wageni hawaruhusiwi kuingia. Ilipofika saa nne asubuhi, kompyuta ya mwenye nyumba ilikuwa haionekani.

Mashtaka yalisomwa kwa Kiingereza. Erastus, mtembeza watalii aliyekuwa amesoma Kihispania kwa miezi minane, ndiye aliyeitwa kutafsiri, kwa kuwa hapakupatikana mwingine. Alisimama wima, tai imemkaba shingo, jasho likimtiririka.

"Sí," Wilmer alisema. "Entré a hurtadillas, pero..."

"Anakubali, Mheshimiwa," Erastus akasema. "Aliingia, akaiba."

Hakimu, mama wa makamo asiyependa haraka, alimtaka aulize tena. Wilmer akajibu lile lile, kwa sauti ya juu zaidi. Akaulizwa mara ya tatu, akalirudia neno lake polepole, silabi kwa silabi, huku akitikisa kichwa. Erastus hakubadilisha tafsiri yake. Hakimu akaandika kwamba mshtakiwa amekiri kosa, akasema hukumu itatolewa Ijumaa.

Ni kile kichwa kilichonikaa moyoni. Katika miezi kumi na minne ya uwakili nilikuwa nimeona watu wakikiri kwa machozi, kwa kiburi, hata kwa kicheko. Sikuwa nimemwona mtu anayekubali kwa mdomo na kukataa kwa kichwa. Nikaandika neno lake nyuma ya faili yangu kama masikio yangu yalivyolisikia: urtadiya. Kisha nikaomba ruhusa ya kumwakilisha.

Nilijua wa kumuuliza maana yake. Ndiyo sababu nilikaa na neno hilo mpaka jioni bila kumuuliza mtu.

Mamangu, Pascalia, aliondoka nyumbani kwetu Mtongwe nikiwa na miaka saba, akarudi kabisa nikiwa na kumi na sita. Miaka hiyo yote alikuwa dobi katika meli ya watalii kule Karibiani, chini kabisa, katika chumba kisicho na dirisha, pamoja na wanawake wa Honduras, Peru na Nikaragua. Katikati alikuja mara nne, wiki mbili mbili, kama mgeni anayeandaliwa shuka safi. Aliyenilea ni shangazi Dhahabu. Shuleni niliwaambia wenzangu kwamba mamangu ni muuguzi wa melini, na kwa kuwa hakuna aliyemjua, hakuna aliyenipinga.

Aliporudi alikuja na mikono iliyobabuka kwa dawa za kufulia, na lugha ambayo hakuna mtu Mtongwe aliyeihitaji. Alihesabu mashuka kwa Kihispania. Akijikwaa, alilalamika kwa Kihispania. Mara nyingine alicheka usingizini na watu nisiowajua. Niliichukia lugha ile. Ilikuwa imekaa naye wakati mimi simwoni.

Nilimkuta kwenye chumba chake cha udobi pale Timbwani, akipiga pasi majoho ya kwaya. Nikamwamkia, nikaketi juu ya kapu la nguo lililopinduliwa, nikamsimulia habari za siku kana kwamba sina haja nazo sana. Mwisho nikamsomea neno.

"Rudia," alisema.

Nikarudia.

"Alitia 'a' mbele yake?"

"Naam. A urtadiya."

Akaisimamisha pasi. "Huyo mtu hajakiri wizi, Cheryl. Amesema aliingia kwa kunyata."

Nikatoa simu, nikalitafuta neno huku nikiliandika hivi na vile mpaka likapatikana. Simu ikakubaliana naye. "Basi imekwisha," nikasema. "Ijumaa nitamwonyesha hakimu hii."

"Utaiapisha hiyo simu?"

Nikairudisha simu mkobani. Alichukua joho jingine, akalitandaza mezani, akaipitisha pasi kwenye kola mara mbili kabla ya kusema tena.

"Kesho tutakwenda kumwona. Na usiniambie kwamba sina cheti."

Ndilo hasa nililokuwa nataka kumwambia.

Kule rumande alikuja na gauni lake la kanisani na mkoba wake mweusi. Wilmer alipoletwa alinitazama mimi, mwenye suti, akingoja nianze. Mamangu ndiye aliyeanza. Sikuelewa hata neno moja, lakini niliona uso wa mtu ukilegea kidogo kidogo, kwanza paji, kisha mdomo, mpaka akacheka na kujipangusa macho kwa mkono wa fulana yake.

"Anasema nini?"

"Anasema naongea kama watu wa La Ceiba. Ni mji wa pwani kwao. Ameuliza ni nani aliyenifundisha. Nimemwambia ni Digna, mwenzangu wa kwenye mashine ya kukaushia."

Kisha Wilmer akaeleza, na mamangu akanipa maelezo yake sentensi baada ya sentensi. Binti yake alikuwa anatimiza miaka sita. Kwao wako nyuma yetu kwa saa tisa, kwa hiyo saa kumi na moja alfajiri ya Magongo ni saa mbili usiku ya kwao, mtoto hajalala bado. Mtandao wa nyumba ile ulishika vizuri ofisini tu. Aliwapita wenzake waliolala, akaukuta mlango wa ofisi haukufungwa, akaingia, akamwimbia mtoto kwa sauti ya chini, akatoka. Kompyuta hakuigusa.

"Mwulize kama alijua kwamba wageni hawaruhusiwi humo."

Akamwuliza. Wilmer akainamisha kichwa.

"Alijua," mamangu akasema. "Anasema alijua na akaingia."

"Mama, hilo tunaweza kuliweka kwa njia nyingine."

"Ndivyo alivyosema."

Siku iliyofuata mwendesha mashtaka alinipa taarifa ya mlinzi. Ilikuwa ukurasa mmoja na nusu, na askari aliyeiandika alikuwa akikipenda Kiingereza kupita kiasi. Katika taarifa ile yote Wilmer hatembei hata mara moja kama watu wanavyotembea. Mara anafanya "lurk" kando ya mlango, mara "prowl" ukumbini, mara "creep", na akimaliza anafanya "slip away". Katikati ya hayo yote kuna sentensi inayosema "he stole into the office".

"Yote hayo asubuhi moja?" mamangu akauliza.

Alitaka kumsomea Wilmer taarifa hiyo kikamilifu, ajue anatuhumiwa nini, na alitaka kila neno liwe na mwenzake wa Kihispania. Lakini Kiingereza chake kilikuwa cha kazini: sabuni, hesabu na amri. Ikabidi mimi nimtolee maneno kwa Kiswahili, naye ayapokee hapo na kuyavusha. Tulikaa kwenye chumba cha udobi tangu alasiri, sare za shule zimening'inia pande zote.

"Lurk," nikasema. "Ni kujibanza mahali ukimvizia mtu."

Alifumba macho. "Acechar. Msimamizi wetu alikuwa akitufanyia hivyo nyuma ya mlango, aone nani atakaa chini."

"Prowl. Kuzungukazunguka mahali ukitafuta cha kuchukua."

"Merodear." Hilo alilipata kwa Yolanda, mwanamke wa milimani Peru, ambaye kwao mbweha walizunguka banda la kuku kila siku. "Slip away" nikamwambia ni kuchomoka bila kuaga, akacheka kabla sijamaliza. "Escabullirse. Hiyo ni Digna mwenyewe, kila yaliposhuka mashuka ya ghorofa ya nane."

Kwa kila neno alikuwa na mtu. Mimi nilijifunza maneno yangu kwenye vitabu, na nikiulizwa nitataja ukurasa. Yeye alitaja majina ya wanawake, aliniambia walivyocheka, nani alikuwa na mtoto mgonjwa na nani alikimbia mume. Nilikuwa nikisikia habari za miaka tisa ile kwa mara ya kwanza, na nilizisikia kwa sababu ya ukurasa mmoja na nusu wa askari.

Kwenye "creep" tulikwama. Nilimwambia ni kunyata. Akataka kujua ni kunyata kupi, maana kuna kunyatia na kuna kunyemelea. Nikasema sijui. Akaniambia niinuke nimwonyeshe.

"Hapana, hapo unamwendea mtu. Nionyeshe mtu asiyetaka kuamsha wengine."

Basi mimi, wakili wa Mahakama Kuu, nikaishika sketi yangu na kupita kwa ncha za vidole katikati ya sare za shule, nikaenda mpaka ukutani na kurudi. Mteja mmoja alikuja kuchukua suruali yake, akasimama mlangoni, akaamua kungoja nje.

"De puntillas," mamangu alisema. "Hiyo sasa ni ya vidole." Tulicheka mpaka akalazimika kuketi. Sikumbuki kama tulikuwa tumewahi kucheka hivyo, sisi wawili peke yetu, tangu arudi.

Likabaki lile la katikati. Nilimweleza kwamba kwa Kiingereza "steal" ni kuiba, ila mtu akisemwa kuwa "stole into" mahali, maana yake ameingia kimyakimya asionekane, hata kama hakuchukua kitu.

Kicheko chake kikaisha. "Hata Kiingereza?"

"Hata Kiingereza nini?"

"A hurtadillas imetoka kwenye hurtar. Ni kuiba. Na sisi tunasema mtu kaingia kiwiziwizi, na huenda mikono yake ni mitupu." Alikunja vazi lililokuwa mapajani pake, akalikunja tena. "Kwa hiyo yule Bwana Erastus hakukosea kwa uzembe. Alilisikia neno, akauona wizi ndani yake. Ijumaa nitalisema hilo."

"Mama, hatuendi pale kumtetea Erastus."

"Wewe unakwenda kumtetea Wilmer," akasema. "Mimi nakwenda kutafsiri."

Ijumaa niliiomba mahakama ifute kule kukiri kwa mshtakiwa kabla ya hukumu, kwa sababu maneno yake hayakutafsiriwa sawasawa, nikasema nimekuja na mtu anayekijua Kihispania. Mwendesha mashtaka alisimama taratibu. Hakuwa mtu mbaya. Alisema mtu huyo hana cheti, ni dobi wa Timbwani, na isitoshe ni mama mzazi wa wakili aliyemleta.

Hakimu akanitazama. "Ni kweli?"

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuzunguka swali hilo. Niliyapanga tangu usiku, yalikuwa mazuri. Niliposimama sikuyataka tena.

"Ni kweli yote, Mheshimiwa. Ni mamangu. Alifua nguo melini kwa miaka tisa, na huko ndiko alikojifunza."

Nilisema kwa sauti ambayo hata waliokuwa mlangoni waliisikia. Mamangu hakugeuka kunitazama, ila mgongo wake ulinyooka.

Hakimu akafikiri, kisha akamwita Erastus, aliyekuwa ameketi safu ya nyuma. Akamtaka azungumze na mama huyo, lolote, yeye asikilize. Wakazungumza. Erastus alianza kwa kujiamini, akapunguza mwendo, mwishowe akawa anasikiliza tu, mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyekuwa akisoma habari za mji na sasa amefika mjini kwenyewe.

"Mheshimiwa," alisema, "mama huyu anakijua Kihispania. Mimi bado najifunza."

Kusema hivyo mbele ya watu kulimgharimu. Hakimu alimshukuru, akaamuru abaki hapo kando, athibitishe kila sentensi itakayotafsiriwa, kisha mamangu akala kiapo kwa Biblia.

Alieleza neno lile bila haraka. Alisema limezaliwa na neno la wizi, kwa hiyo Bwana Erastus hakulitoa hewani, na yeyote aliyelisoma kitabuni angeweza kudanganyika vivyo hivyo. Lakini wenye lugha wakilitumia wanasema jinsi mtu anavyokwenda. Alichokwenda kufanya hakimo katika neno hilo.

"Kwa hiyo," hakimu aliuliza, "mtu anaweza kuingia mahali namna hiyo na asiibe?"

"Anaweza, Mheshimiwa. Hata kutoka. Mimi nilitoka nyumbani kwangu hivyo, Januari ya mwaka elfu mbili na tatu. Binti yangu alikuwa na miaka saba. Nilibeba viatu mkononi mpaka nje ya ua, maana nilijua akiamka akaniita sitakwenda tena. Sikuchukua kitu mle ndani ila nguo zangu. Lakini ukiniuliza kwa Kihispania nilitokaje, neno ni hilo."

Erastus alitakiwa athibitishe. Akaitikia kwa kichwa.

Mwendesha mashtaka aliangalia karatasi zake. Mimi nilikuwa nimesimama, kwa kuwa wakili husimama kesi yake inaposikizwa. Nilijikuta nimeketi.

Wilmer akaulizwa upya, na safari hii aliachwa amalize. Alisema aliingia asipotakiwa na anaomba radhi kwa hilo, alimwimbia binti yake, hakuiba. Mamangu akayatoa maneno hayo mahakamani moja moja, pamoja na lile la kujua kwamba hapakuruhusiwa, ambalo mimi ningependa lipotee njiani. Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Kisha akafuta kukiri kwa Jumatatu na kuandika kwamba mshtakiwa amekana.

Wiki mbili baadaye mlinzi alikuja kutoa ushahidi, akaulizwa kwa Kiswahili. Alisema alimwona mgeni akitoka ofisini na simu mkononi, basi. Hakuwa na kompyuta. Kuhusu kujibanza na kuzungukazunguka alishangaa; hakumbuki kuyasema hayo. Mashtaka yakaondolewa, na Wilmer akapanda ndege Jumamosi yake. Kompyuta mpaka leo sijui iliishia wapi.

Lakini siku ninayoikumbuka ni ile Ijumaa. Tulivuka kwenda Likoni alasiri, tumesimama kwenye feri kati ya watu waliokuwa wakitoka kazini, mkoba wake mweusi ukiwa katikati yetu. Nilikuwa na neno ambalo sijawahi kumwambia yeyote, hata shangazi Dhahabu.

"Asubuhi ile nilikuwa macho," nikamwambia.

Aliendelea kutazama mbele. "Najua. Ulikuwa unapumua kama mtu anayehesabu."

"Mbona hukusema kitu?"

"Mbona wewe hukusema?"

Nilifikiri juu ya yule msichana wa miaka saba chini ya shuka, amefumba macho kwa nguvu, akisikiliza nyayo zikienda mlangoni. Kwa miaka mingi nilimhesabu kuwa mtoto aliyeachwa. Pale kwenye feri, kwa mara ya kwanza, niliona kwamba naye alikuwa amefanya jambo: alimwacha mamake aende. Sikumwambia hilo. Feri iligusa upande wa pili, watu wakaanza kusukumana kupanda mwinuko wa kutokea kivukoni, naye akanipa mkoba nimbebee.

Siku hizi Erastus huja Timbwani kila Jumamosi na daftari. Humwita mamangu mwalimu, na yeye humfundisha huku anapiga pasi, humtajia neno, kisha humtajia mwanamke aliyempa neno hilo. Jina lake, Pascalia, liko kwenye orodha ya wakalimani wa mahakama. Nililiona kwa macho yangu, limechapwa.

Mwezi uliopita karani wa mahakama alinipigia simu mimi, kwa kuwa mamangu hakuwa akipokea ya kwake. Kuna shahidi wa Ekuado, alisema, baharia, kesi ni Jumatatu saa tatu, wanamwomba mama afike. Nilikuwa karibu naye, nikamweleza.

"Jumatatu nina sare za shule nzima," akasema bila kuinua kichwa. "Mwambie Jumanne. Na wanitumie hizo karatasi mapema, nizisome."

Mimi, ambaye nikitakiwa na mahakama huacha hata chakula mezani, nikavuta pumzi na kumweleza karani vile vile, bila kupunguza wala kuongeza. Upande wa pili nikasikia kurasa za shajara zikifunuliwa.

"Jumanne," karani akasema. "Saa tatu."